Kumpeleka Mama Kariuki Gerezani

Mama Kariuki, jirani yangu, aliniomba nimpeleke gerezani upande wa Mwea kwa sababu hajui Kiswahili, nami njia ile naijua. Niliipita mara nyingi kumwona mwanangu Ndirangu, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua humo ndani. Yeye na Kariuki walitahiriwa siku moja, wakashikwa siku moja kwa kahawa iliyoibwa kiwandani. Kariuki aliishi. Nilikubali kwenda, lakini nilimwonea wivu. Wanawake wa kanisa huwapelekea kuni na kuwapalilia shamba jamaa za wafungwa. Tangu nifiwe, walikuwa wakipita langoni mwangu na mizigo mgongoni, wakienda kwake.

Alfajiri tuliondoka Giakanja. Alikuwa amejifunga leso mpya.

"Mama Ndirangu, hii haing'ai sana?"

"Inang'aa," nikasema, nikatangulia njiani.

Kiganjo tulipanda treni. Karatina wauza ndizi walikuja madirishani, akanunua mkungu mzima kana kwamba anakwenda arusini. Njia nzima aliniuliza: wanapewa blanketi? Wanakonda? Maswali hayo yalikuwa yangu zamani. Nilimjibu huku nikitazama mashamba.

Sagana tulipata lori la mchele. Mwea kulikuwa na jua kali, baiskeli zenye magunia, na wanawake walioinama majini wakipanda mpunga.

Langoni, askari alinitambua.

"Mama Ndirangu! Pole sana. Umekuja tena?"

"Nimemleta huyu. Tuitie Kariuki, mwanawe."

Alirudi peke yake, akijikuna shingo.

"Amekataa. Ati hawezi kumwangalia mama wa Ndirangu machoni. Ati uondoke kwanza."

Mama Kariuki akanishika kiwiko. "Amesema nini?"

Ningeweza kumwambia leo hakuna ruhusa, turudi nyumbani, naye angeniamini. Nilifurahi kwamba huenda naye angerudi bila kumwona wake. Kisha nikamtazama usoni.

"Mwanao ananionea haya," nikamwambia. Nikamgeukia askari. "Mwambie anaitwa na mama yake wa pili. Sijaja kumdai mtu."

Kwetu, mama wa mwenzako wa rika ni mama yako. Akikuita, huna njia ya kukataa.

Kariuki alitoka, amekonda, kichwa kimenyolewa. Mama yake alikwisha kupenyeza vidole kwenye waya, lakini kijana akaanza na mimi.

"Maitu," akaniita, yaani mama. "Ndirangu amelala nyuma ya bustani ya sukuma wiki. Ni mimi ninayempalilia kaburi."

Ndipo akamgeukia mama yake, nami nikasogea kando wasemezane.

Jioni, kwenye treni ya kurudi, tulipopita Karatina, Mama Kariuki alinigeukia.

"Nimembeba mgongoni, nimeuza mbuzi asome, halafu anaanza na wewe!"

"Na mimi nimekuonea wivu tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi tu?" akauliza. "Hata kuni zangu unaziangalia vibaya."

Tukacheka, ingawa si sana.

Jumapili, baada ya ibada, niliwaambia wanawake wa kanisa kwamba na mimi wanitembelee. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Lakini Mama Ndirangu, wewe huna mtu ndani tena."

"Ninaye. Amezikwa ndani, na sijaonyeshwa kaburi. Nataka mtu twende naye kuomba ruhusa ya kuliona."

Mama Kariuki akasimama. "Mimi nitakwenda naye," akasema. "Hata kama sijui Kiswahili, nitakaa langoni mpaka wachoke."

Nilijifunza kwamba mfungwa akifa, jamaa zake bado wana mtu gerezani, na wasiposema, hakuna atakayewasemea. Ruhusa bado hatujaipata. Wivu pia bado ninao, maana Kariuki ataachiliwa siku moja. Lakini siku za kwenda Mwea mama yake hunipitia alfajiri, akaita toka barabarani, "Mama Ndirangu, amka, twende kwa watoto!"