Baba Deo wa Kilema na Ini Lililokaa Kimya

Siku yangu ya kwanza wodini, hapa Moshi, Sista Mkuu alinipeleka moja kwa moja kwa mgonjwa aliyevimba tumbo huku mikono imekonda.

"Weka mkono hapa, chini ya mbavu za kulia," aliniambia. "Taratibu, huyo ni mtu."

Nikagusa kitu kigumu chenye vinundu. Lilikuwa ini lililojaa makovu. Sista Mkuu alikuwa mkali kwa sisi wauguzi, ila wagonjwa wote aliwaita "mwanangu", hata waliomzidi umri. Nilimpenda kabla ya chai ya saa nne.

Baadaye nilihamishiwa benki ya damu. Huko nikamfahamu Baba Deo, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Kilema. Mkewe alikuwa amejifungua kitindamimba kwa upasuaji, naye akaja kumtolea damu. Tulipoipima tukakuta virusi vya homa ya ini aina ya B, hivyo hatukuitumia. Mama Deo aliokolewa na damu ya shemeji yake, mdogo wa Baba Deo.

"Mbona mimi ni mzima?" Baba Deo alimuuliza Daktari wa Magonjwa ya Ndani.

"Huenda umeishi navyo tangu utotoni," daktari alijibu. "Vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Wengine haviwasumbui kabisa. Wengine ini huumia polepole, na kila jeraha huacha kovu."

"Na dawa?"

"Kwa sasa hatuna. Acha mbege na pombe nyingine zote, na uje tukuangalie."

Mkewe na watoto walipimwa, wakakutwa salama. Baba Deo akaacha mbege, akawa anakuja kliniki na mkungu wa ndizi begani kwa ajili yetu. Bei ya kahawa iliposhuka aling'oa mibuni, akapanda nyanya. Miaka ikapita, tukadhani amenusurika.

Kisha akaanza kuchoka. Macho yakawa ya njano, miguu ikavimba, tumbo likajaa maji, tukawa tunayatoa kwa sindano. Kule nyumbani wakasema amerogwa. Wengine wakaogopa vyombo vyake. Jumapili moja nilikwenda kumwona, nikakuta ndugu zake wamekaa mbali naye. Mama Deo akachota mtori wa ndizi kwenye bakuli la mumewe, kwa kijiko alicholia mumewe, akala mbele yao wote.

"Sista, waambie," alisema.

Nikawaambia kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa na kwa mama kumzaa mtoto, si kwa kijiko. Yule shemeji aliyemtolea Mama Deo damu alisogeza kigoda chake taratibu, akaketi karibu na kaka yake. Baba Deo akatabasamu.

Alifariki baada ya mishipa ya koo la chakula kupasuka, akitapika damu. Ini likisinyaa kwa makovu, damu hukosa njia na mishipa hiyo hufura.

Siku hizi nimestaafu, na ninyi wauguzi vijana mna vidonge vya kuvizuia virusi hivyo. Wapimeni watu wangali wazima. Msingoje macho ya njano.

Wiki yangu ya mwisho kazini, kliniki ya watoto, aliingia kijana mrefu amebeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, Sista. Mimi ni Deo. Nimeleta mjukuu wa Baba achanjwe."

Nilimchoma mtoto chanjo, ambayo ndani yake sasa mna kinga ya homa ya ini. Akalia. Deo akalia kuliko mwanawe, nami nikawakumbatia wote wawili, foleni ikisubiri.