Fundi wa Hewa wa Etaje ya Nne

Kama umewahi kuingia benki au duka kubwa la Goma mchana wa jua kali, ukajisikia unapulizwa hewa ya baridi kifuani, usimshukuru Mungu peke yake. Mshukuru na Adalbert, maana hewa haijileti. Mtu huyu wa Butembo alikuwa anashona bati kama wenzake wanavyoshona suti: anapima chumba, anakata, anakunja, anafunga pindo, na bomba lake la hewa halikai kwenye nyumba nyingine isipokuwa ile aliyoipimia. Goma si mji wa kununua bomba lililotengenezwa tayari. Kuta ni za mawe ya volkano, huzikuti mbili zilizonyooka sawasawa, na mdomo wa kuvutia hewa lazima uwe juu paani, kwa sababu mazuku, ile hewa nzito inayoua mbuzi na watu kwenye mashimo, hulala chini.

Januari ile vita vilipoingia mjini, Adalbert alikuwa na kazi kwenye jengo jipya la etaje nne, yaani ghorofa nne, si mbali na mtaa wa Majengo. Benki ingekaa chini, ofisi juu. Mkewe, Katungu, aliona mambo mapema. Wanawake wa Kinande wana pua ya biashara, na pua ya biashara hunusa vita kabla ya bunduki kulia.

"Twende bote Butembo," alimwambia. "Nyumba itabakia. Batu ndio banakufaka."

Adalbert akajibu kama mafundi wote wa dunia hii wanavyojibu. "Tangulia na batoto. Mi niko namaliza kazi, kisha nakuja."

Katungu akatangulia. Haukupita muda barabara ikafungwa nyuma yake. Bunduki zikalia, mji ukapata mabwana wapya, benki zikafunga milango, na patro, mwenye jengo, ambaye alikuwa ameshakimbilia Kampala, akapiga simu kusema kazi iendelee polepole na nyumba ilindwe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Kampala.

Wasaidizi wa Adalbert walikimbia. Yeye mwenyewe hakuthubutu kutoka, kwa sababu wenye silaha walikuwa wakipita mtaa kwa mtaa wakipakia wanaume kwenye malori, na waliopakiwa hawakurudi kusimulia walikopelekwa. Akahamia etaje ya nne, akafunga mlango wa chuma wa ngazi. Aliyefunguliwa ni mmoja tu, muzee Lévi, sentineli aliyelinda jengo, aliyemletea unga na maharagwe. Walipatana hivi: Lévi aweke mdomo kwenye tundu la hewa la chini, aseme, "Papa Adalbert, ni miye." Sauti ilipanda ndani ya bomba ikafika juu safi kama mtu amesimama kando yako. Asiyeanza na sauti, hata agonge mpaka mkono uvimbe, hafunguliwi.

Basi kambi za wakimbizi pembezoni mwa mji zikabomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Wanawake wachache na watoto wao, watu wa Rutshuru, wakaja kwenye jengo kuomba pa kulala. Lévi akauliza kupitia tundu. Adalbert akasema wape chini. Hakushuka kuwasalimu. Alijiambia anaogopa, na ni kweli aliogopa, lakini pia aliona haya kwenda kwa wageni mikono mitupu.

Lakini bomba halina adabu. Linabeba kila linachopewa. Kabla mwezi haujaisha Adalbert alikuwa anawajua watu wa chini kuliko majirani aliokaa nao miaka. Mkubwa wao alikuwa Emerance, mama mwenye sauti ya kukwaruza, aliyepanga nani achote maji ziwani na nani abaki na watoto. Aligombeza kwa Kinyarwanda, akasali kwa Kiswahili. Shamba lake la maharagwe alilitaja kama mtu anavyomtaja marehemu. Mwanawe Byiringiro alipotea njiani siku ya kukimbia, na kila jioni kabla ya rozari Emerance alimwita kwa jina, mara moja tu, halafu sala ikaanza.

Adalbert akawa analeta sahani yake kando ya tundu la etaje ya nne. Wakicheka, naye anacheka, akichelewa kidogo kwa kuwa haoni wanachochekea. Na mtu akishazoea kula na watu, ataanza kuongea. Aliongea na Katungu. Simu ilikuwa haishiki siku nyingi, kwa hiyo alimsemesha hivyo hivyo, hewani: leo nimekunja kona ya bomba la paani, leo ugali umeungua, leo mvua imenyesha mpaka ndani. Kila jioni alimaliza kwa neno lile lile: "Nikipata gari ya Butembo, Katungu, hata leo nakuja. Hata nipande juu ya magunia." Jioni nyingine hakuweza kumaliza. Alilia.

Hicho ndicho alichokitaka, hakuna kingine: gari moja ya kumfikisha Butembo. Mabasi yalikuwa hayaendi. Mwanaume peke yake asingevuka hata bariere moja ya wenye silaha barabarani. Malori ya wafanyabiashara wanaojulikana yalipita mara chache, lakini mtu aliyejifungia etaje ya nne angeyapatia wapi?

Kulikuwa na kazi moja aliyokuwa akiikwepa. Bomba la nyumba ya benki haliachwi wazi hivyo. Ndani yake hubandikwa pamba ya manjano ya kumeza sauti, ile inayowasha ngozi, ili siri za meneja zisiishie masikioni mwa watu wa ofisi za etaje ya pili. Marobota ya pamba hiyo yalikuwa pale ukutani tangu kabla ya vita. Kila asubuhi Adalbert aliyatazama, akajitafutia kazi nyingine. Fundi hodari akitaka kuchelewesha kazi, hata malaika hatamgundua.

Halafu jioni moja alikuwa anaumwa kichwa, akala kimya. Akasikia sauti ya mwanamke kutoka chini ikisema, "Papa wa juu leo hajasemesha Katungu wake."

"Nyamaza," Emerance akajibu upesi. "Atakusikia."

Adalbert akashusha kijiko. Bomba linapandisha na linashusha. Yeye aliyelikunja kwa mikono yake ndiye aliyelisahau hilo. Walikuwa wamesikia yote, ugali ulioungua na kilio pia. Mwili mzima ulimwaka kwa aibu. Mwanaume wa miaka hamsini, mwenye kazi yake na jina lake, amelia mbele ya wanawake asiowajua!

Mficha uchi hazai, lakini nani anakumbuka methali wakati uso unamwaka? Kulipokucha alifungua marobota, akapaka gundi, akabandika pamba bomba zima, kutoka juu hadi chini, bila kupumzika. Mikono iliwasha, machozi yakachuruzika. Sauti za chini zikafifia, zikawa kama za watu walio ng'ambo ya kilima, zikaisha. Akampa Lévi ufunguo wa pili wa mlango wa chuma, maana kuitana bombani sasa hakuwezekani. Tangu hapo, kila atakayegonga ni mbaya tu. Mwema ana ufunguo.

Kazi ilikuwa nzuri. Patro angeisifu. Lakini Adalbert alikula jioni ile akisikia meno yake mwenyewe, na kesho yake vilevile, na keshokutwa. Alijaribu kumsemesha Katungu, maneno yakamwishia mdomoni. Alijuta. Mara mbili alishika kisu ili aibandue ile pamba, mara mbili akajiambia atashuka kwanza awaombe radhi, na mara zote mbili hakushuka.

Asubuhi moja Lévi alikwenda soko la Kituku, kando ya ziwa, kununua samaki. Adalbert alikuwa anakata bati. Akasikia ngurumo ya lori chini ya jengo, lori zito, likisimama bila kuzima. Halafu mlango wa chuma ukagongwa. Ukagongwa tena, kwa viganja, kwa mawe, ngazi nzima ikatetemeka. Hakungoja. Alipanda paani, akaingia ndani ya bomba kubwa kwa magoti, akajikunja mle gizani, mkono mdomoni. Mlango uligongwa kwa muda mrefu. Hatimaye lori likaondoka, naye akamshukuru Bikira Maria kwa machozi.

Lévi alirudi na samaki. Alipanda ngazi akihema, akamkuta Adalbert ameketi sakafuni, vumbi la bati limejaa nywele. Lévi akashangaa kana kwamba ameona mzimu.

"Papa! Bado uko huku? Mama mwenye kuuzisha makala ya kupikia pale kwa geti ameniambia yote, anasema hukuenda. Nikamubishia."

"Kuenda wapi?"

"Butembo! Ile lori ilikuwa ya Sylvie, mufanyabiashara wa Butembo. Anarudisha bamama Rutshuru, kisha anaendelea. Emerance ndiye alimuomba ju yako, akubebe. Sylvie akakubali, akasema kwa bariere atasema we ni mubebaji wake. Nafasi ilikuwa, mbele, kando ya shofa mwenye kuendesha."

Lévi, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaendelea kumweleza kama alivyoelezwa.

"Emerance alikuita mu tundu. Aliita, aliita. Alikuwa anasema, Papa Adalbert, gari ya Butembo iko hapa, Katungu anakungoja. Batoto nabo bakaita. Kisha bakaenda kupiga mulango, bote. Sylvie akasema hawezi kungoja tena. Yule mama alipanda gari analia, papa. Alisema pengine umekufa huku juu." Akamtazama. "Hukusikia kabisa?"

"Nilisikia mulango," Adalbert akasema. "Batu ndio sikusikia."

Lévi akaweka samaki sakafuni, akakaa kando yake.