Kabichi za Wageni

Wakati huo nilifundisha biolojia katika sekondari moja kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Ilula, na nilikuwa mlezi wa klabu ya mazingira. Mradi fulani ulituletea vishikwambi na mbegu za kabichi. Kila Ijumaa wanafunzi walipiga picha matuta yaleyale, wakapima urefu wa miche na kuandika wadudu waliowaona. Waliipenda kazi hiyo. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hasemi, ndiye aliyelinganisha picha akagundua kwamba viwavi wanaanzia upande wenye kivuli.

Ikaja likizo, tenki la maji likapasuka, hakuna aliyemwagilia. Tuliporudi tulikuta vijiti vikavu, na wageni wa mradi wanakuja Ijumaa ileile.

"Mwalimu, wasije wakaona jangwa," mkuu wa shule aliniambia. "Nimeagiza kabichi kwa wauzaji wa barabarani. Ninyi mzisimike tu."

Nilidhani anatania. Alhamisi zililetwa kwa bodaboda, magunia matatu, zimekatwa shinani, hazina hata mzizi. Tulichonga vijiti, tukavichomeka kwenye vikonyo, tukazisimamisha na kuzifukia kidogo. Mimi ndiye niliyewaonyesha wanafunzi namna ya kuzinyoosha mstari. 

Yule msichana akanifuata. "Madam, kesho kwenye urefu tuandike nini?"

"Kesho msiandike kitu."

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha. Mmoja aliinama kabisa akashika jani, akasema vijana hawa ndio walinzi wa ardhi. Wanafunzi walitazama viatu vyao. Mimi nilitabasamu, tena kwa meno yote.

Baada ya hapo hakuna aliyezigusa. Jua lilizipika. Majani yakageuka ute, ukatoka maji ya kahawia, nzi wakatanda, na uvundo ukaingia madarasani hadi watoto wakawa wanafundishwa wameziba pua. Jumatano nikashindwa kuvumilia, nikaingia bustanini kuzing'oa peke yangu. Moja ilinipasukia kiganjani, funza wakanitambaa hadi kwenye saa. Nilinawa kwa sabuni ya unga mara tatu. Jioni niliupeleka ugali mdomoni, nikaurudisha kwenye sahani.

Kesho yake msichana alikuja ofisini na kishikwambi. Alikuwa amepiga picha uozo wote, kabichi moja baada ya nyingine, na chini ameandika: *Mizizi: hakuna. Zililetwa Alhamisi, zimekatwa.*

"Nitume, madam? Ukibonyeza hapa zinakwenda kwa watu wa mradi."

"Tuma."

Mkuu alipopata habari hakupiga kelele. Alifungia vishikwambi kabatini, akaniambia klabu itapata mlezi mwingine. Nilingoja watu wa mradi wapige simu, waulize, wagombe hata. Kimya. Miezi ikapita, ndipo lilipoletwa boksi la vijarida vinavyong'aa. Kwenye jalada kulikuwa na kabichi zetu zimesimama mstari, kijani kibichi, na mimi pembeni natabasamu.

Walikuwa wameziona zile picha nyingine. Walichagua hii.

Mkuu alikibandika kimoja ukutani ofisini kwake. Msichana aliacha klabu; nilipomuuliza, alisema anajiandaa na mtihani. Alinijibu kwa heshima zote, bila kunitazama usoni.