Kamongo Alipokuja na Suti

Hii habari kila nikiisimulia natokea zuzu. Nimeshajaribu kuipindapinda ili atokee zuzu mtu mwingine, imeshindikana. Kwa hiyo cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Mimi nilikuwa mtafsiri wa mieleka. Sisemi mpiganaji, maana mikono yangu hii hata ndoo ya maji kuipandisha kwetu kwenye mawe ni mpaka nipumzike njiani. Mtafsiri. Kirumba, kwenye banda la video, mabati juu, maturubai pembeni, na kila tundu limezibwa kwa gunia ili mtu wa nje asione bure. Kanda inaingia kwenye deki, Wazungu wanapigana kwenye televisheni, mimi nimekaa pembeni na maiki nawaeleza watu kwa Kiswahili nani kafanya nini na nani kasema nini. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Najua kumsalimia mwalimu asubuhi na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Baada ya hapo giza.

Utauliza sasa nilikuwa natafsiri vipi. Kirahisi tu: mieleka ya zamani haikuwa na maneno.

Niliianza nikiwa bado mtoto wa shule, kanda zimechakaa mpaka picha inanyesha mvua. Wapiganaji walikuwa watu wazima, wana vitambi vyao, kaptula nyeusi ya kubana, viatu, basi. Hakuna moshi, hakuna taa za rangi. Mtu anaingia ulingoni, anavua koti, wanashikana. Wanashikana mpaka jasho linadondoka, na mtu akinyanyuliwa akatupwa chini unasikia kwenye benchi ulilokalia. Mbaya alikuwa mbaya kweli, anauma, anatia kidole machoni, refa akigeuka yeye anatazama juu kama anahesabu mabati. Mwema alikuwa mwema, anapigwa mpaka unatamani kwenda nyumbani, halafu anaamka. Kazi yangu ilikuwa kusema "kamshika, kamnyanyua, mama yangu, chini!" Hiyo hata bubu angetafsiri.

Na sisi watu wa huku tuliielewa upesi, pengine kuliko wenyewe walioitengeneza, kwa sababu ngoma zetu ndivyo zilivyo. Watu wakishavuna, makundi mawili yanasimama uwanjani, kila kundi na manju wake wa kuimbisha na dawa zake, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Banda letu likagawanyika vivyo hivyo, hakuna aliyepanga. Benchi za kushoto zilikuwa za Mzungu mmoja mwenye nywele za dhahabu na hereni. Benchi za kulia zilikuwa za mnene mmoja ambaye jina lake la kwao sikuwahi kuliweza, nikampa la kwetu: kamongo. Kamongo ni samaki ukimwacha ziwa likakauka anajizika kwenye tope, anakaa humo miezi, mvua ikinyesha unamkuta mzima. Huyu naye alikanyagwa, akatupwa nje ya ulingo, akapigwa na kiti, umeshaanza kumsomea misa, unamwona anatikisa kichwa. Benchi za kulia zote zinasimama.

Kabla ya kupigana alikuwa anajipaka mafuta mabegani. Nikawaambia watu ile ni dawa, kaifuata Gamboshi kwa waganga wetu, tena kwa ndege. Wiki nzima Mwaloni, kwenye soko la dagaa, watu wakabishana ile ndege ilitua wapi.

Walikuja wasomi kutuambia mieleka ni igizo, wanajipanga kabla. Walisema kwa sauti ile ya mtu anayekuletea habari ya msiba wa jirani yako huku amefurahi kukutangulia. Niliwajibu siku zote: na ngoma je, hawajipangi kabla? Umeshasikia mtu anasema ngoma ile ni ya uongo? Na mpira wenu, mechi haziuzwi? Mtu wa kilo mia moja na arobaini akiangukia mgongo wake kwenye mbao, mbao zile hazijui kuigiza.

Halafu kila kitu kikawa ruksa. Zikaja nguo za mitumba, zikaja redio za kupiga muziki asubuhi mpaka asubuhi, yakaja madishi juu ya nyumba za wenye nazo. Vikaja viwanda vya samaki, minofu ya sangara inapanda ndege pale Ilemela inakwenda kuliwa ng'ambo, sisi tunabakiwa na mapanki, kichwa na mgongo na mkia, unakaanga mifupa unaiita mboga. Na mieleka ikaja hivyo hivyo. Minofu ilishaliwa. Tuliletewa mapanki: mdomo mkubwa na nyama hakuna. Kijana anaingia na moshi na muziki, kifua kama cha sanamu dukani, anashika maiki anaongea, anaongea, anaongea, mpaka deki inapata joto. Kisha wanapigana kidogo, anatokea mwingine nyuma na kiti, imekwisha. Wiki ijayo wanaongea kuhusu kile kiti. Na yule mbaya, anayetukana watu na mama zao, ndiye anayepigiwa makofi. Mimi hapo ndipo nilipoachana nao. Mtu mbaya apendwe, sawa, hata mtaani kwetu wapo, lakini unalipa kiingilio kumtazama?

Sikuachana nao kwa hiari, niseme ukweli. Mieleka iligeuka kuwa maneno, na maneno ndiyo ambayo sikuwa nayo.

Mwenye banda alikuwa mtu mzima aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mafao yake ndiyo yaliyonunua deki na televisheni. Hakuwa mbaya, ila alikuwa na mpwa wake aliyemaliza kidato cha sita, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na mpwa huyo alianza kuja kukaa benchi la nyuma na kucheka mahali ambapo sijachekesha. Ijumaa moja mwenye banda akaniita nje.

"Kijana, huyu mpwa wangu anasema unatupiga fiksi."

"Fiksi gani, mzee?"

"Anasema yule mwenye hereni juzi alikuwa anatangaza fulana zake zinauzwa. Wewe ukasema anamtukana kamongo kwa wakwe zake."

"Mzee, watu walicheka hawakucheka?"

"Walicheka." Akajikuna kidevu. "Jumapili inakuja kanda mpya kutoka Nairobi. Tafsiri wewe. Watu wakitoka wameridhika, maiki yako. Wakitoka wananung'unika, namwachia mwenzio. Mimi nina watoto, sina ugomvi na mtu."

Wewe unaona ni maiki tu. Mimi bila ile maiki nilikuwa nani? Nilikuwa wa kuosha mapipa ya dagaa. Nikiwa nayo, nikipita Kirumba sokoni, wamama wa samaki wananiita "mtangazaji," vijana wanaomba ningurume kama kamongo. Msichana mmoja wa chipsi alikuwa ananiongezea kachumbari bila kuombwa. Ukishazoea kuongezewa kachumbari huwezi kurudi kwenye mapipa.

Nilikuwa na ujanja wangu mmoja. Kila kanda mpya nilikuwa naitazama kwanza peke yangu, asubuhi, kabla ya watu. Naona nani anashinda, nani analia, nani anarudi na kiti, napanga uongo wangu vizuri unafanana na picha. Jumapili ile nikafika mapema, nikaweka kanda, nikabonyeza. Kimya. Mgao wa umeme. Nikakaa kwenye giza na kanda tumboni mwa deki, nikiwaomba watakatifu wote ninaowajua wawashe umeme. Wakauwasha watu wakiwa wameshajaa, hata pa kuweka mguu hakuna.

Mbele kabisa benchi za kulia alikaa kuli mmoja wa Mwaloni, mbeba magunia ya dagaa, amenizidi miaka kama kumi na tano hivi. Hakuwahi kukosa. Kamongo akipigwa alikuwa anajishika kiuno yeye. Mtu wa maneno machache, lakini kila nikianza alikuwa anageuka ananiangalia mara moja, kama kusema haya, tupeleke.

Nikawapeleka. Vijana wawili wa mwanzo niliwamudu. Kisha taa za kule ulingoni zikapoa, muziki ukaacha, na akaingia kamongo.

Kavaa suti.

Suti ya kijivu, kifungo kimoja kinapambana na tumbo, chini kavaa viatu vyake vya ulingoni. Benchi za kulia zikalipuka. Akapanda polepole, kamba zile alizokuwa anaziruka akazipita kwa kuinama, akapewa maiki. Akaanza kuongea. Taratibu, sauti ya chini. Nikasikia neno moja nalijua, "ahsante," kwa lugha yao. Nikaona banda zima limegeuka kwangu, na nyuma kabisa mpwa wa mwenye banda amekunja mikono.

Nikafanya nilichozoea.

"Anasema hivi," nikanguruma kwenye maiki, "nimekuja na suti kwa sababu leo ni mazishi! Lakini siyo yangu!"

Banda likatetemeka. Basi nikapata moto.

Akatoa leso. Nikasema, "Anasema leso hii nimemletea mama yake yule mwenye hereni!" Watu wakapiga miguu chini. Akajifuta macho. Nikasema, "Anasema nawahurumia mpaka machozi, kwa kipigo mtakachopata!" Kushoto wakazomea, kulia wakashangilia. Akakaa chini katikati ya ulingo, mtu mzima na suti yake, akaanza kufungua kamba za viatu. Kiatu kimoja. Cha pili. Akavipanga pamoja pale katikati, vizuri, kama mtu anayeingia msikitini. Sikujua nini kile. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona. Nikasema:

"Anasema mwanaume yeyote aje avivae hivi viatu! Nani? Nani?"

"Hakuna!" wakajibu wa kulia. Lakini hawakuwa wote.

Wakatoka wapiganaji wengine, mmoja mmoja, wakazunguka ulingo. Na yule mwenye hereni, adui wa siku zote, akapanda. Nikashukuru. Nikasema moyoni, ahaa, ndiyo hii sasa. "Ameitika! Ameitika mwenyewe! Angalieni anavyomkaba!"

Alikuwa amemkumbatia. Akaendelea kumkumbatia. Muda ulipita wa kutosha mtu kusema anamkaba, na wa kutosha kuona hamkabi. Banda lilianza kutulia kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Ngojeni," nikasema. "Ngojeni tu. Kamongo huyo. Hajaamka bado."

Kamongo akashuka ulingoni na soksi. Akapita katikati ya watu anashikwa mabega, akaingia mlangoni, akapotea. Vile viatu vikabaki vinaonyeshwa peke yake kwenye kioo. Kisha pwaa, moshi, muziki, kijana wa kifua akaingia na maiki yake.

"Pambano liko wapi?" mtu wa kushoto akauliza.

"We mtangazaji, anarudi saa ngapi?"

Mpwa wa mwenye banda hakupaza sauti. Ningependa kusema alinikejeli, ingenisaidia kumchukia, lakini hakunikejeli. Alisema tu kutoka nyuma: "Harudi. Alikuwa anaaga. Mgongo wake umeharibika, daktari amemkataza. Wakistaafu huwa wanaacha viatu ulingoni. Alikuwa anashukuru watu waliokuwa wanamtazama, hata wa nchi ambazo hajafika."

Nilitegemea wanizomee. Kuzomewa nilikuwa nimeshajiandaa, nina jibu la kila zomeo. Hakuna aliyezomea. Mwenye banda akaja akachukua maiki mkononi mwangu, pole pole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akairudisha kanda nyuma. Wakaitazama upya, wote, mpwa akitafsiri neno kwa neno kwa sauti ya kutangaza vifo redioni. Hakuwa na chumvi hata chembe. Na watu wakamsikiliza, kofia wamevua. Mimi nilibaki nimesimama karibu na deki, maana benchi zote zilikuwa zimejaa na kiti changu ameshakaa yeye.

Tangu siku ile kazi ni yake. Nasikia banda linajaa, sikatai. Siku hizi wanaelewa kila neno la wale vijana, kila tangazo la fulana. Hongera zao. Mimi wakiniuliza mieleka ya sasa nasema siijui, na ya zamani nasema ilikuwa nzuri mpaka nilipoiharibia mazishi yake mimi mwenyewe.

Watu walipotoka jioni ile nilijikawiza ili nisikutane na mtu. Nje nikamkuta yule kuli amesimama ananisubiri, viganja vimeshika kiuno.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikajaribu kumtania, mdomo wangu haujui kufa. "Ile suti lakini, kaka, kile kifungo kingeruka kingemtoa mtu jicho Kirumba huku."

Hakucheka. Alinitazama kama anavyonitazamaga kabla sijaanza.

"Tuliona analia, mdogo wangu," akasema. "Sisi wa mbele wote tuliona. Tulikuwa tunakungoja wewe tu utuambie analilia nini."