Taa Zilizowaka Bure

Fundi wa mitambo ya kupooza hewa wa jengo lile la ofisi walimwita Pua, na alistahili. Waya ukianza kuungua popote, alikutajia ghorofa kabla moshi haujaonekana. Tena mdadisi, Mungu wangu! Ukimwonyesha saa iliyokufa, haulizi ni ya nani, anaulizia bisibisi.

Sasa ghorofa ya tatu ikaingiwa na harufu ya soksi mbichi. Mwezi sasa, kila asubuhi watu wanabana pua, wanafungua madirisha, wananong'ona. Lawama zikamwangukia mama wa usafi, ambaye jengo zima lilimwita Shangazi. Meneja hakumung'unya maneno: matambara yake ndiyo yanayonuka, na Ijumaa harufu ikiwa bado ipo, aage. Hiyo ilikuwa Jumatano.

"Wewe unaonaje, baba?" Shangazi alimuuliza Pua. "Ni mimi?"

"Sijui, Shangazi," akajibu, na kweli hakujua. Huko kutojua kulimkera kuliko harufu yenyewe.

Alhamisi asubuhi akafika kabla ya wote. Matambara ya Shangazi yalikuwa kwenye kamba uani, makavu kabisa. Akawasha feni kubwa inayosukuma hewa ya ghorofa ya tatu, akapanda mbio hadi huko, akakaa juu ya meza chini ya tundu la hewa, shingo juu. Dakika ya tatu, hiyo hapo! Harufu ikamshukia usoni.

"Ahaa, kumbe unatokea juu, mshenzi wewe," akaiambia, akakimbilia chumba cha mitambo.

Huko akili ikagoma. Ndani ya mtambo, mbele ya mabomba ya ubaridi yanayotoka jasho mchana kutwa, zilifungwa taa za urujuanimno, kazi yake kuua ukungu usiote kwenye unyevu ule ukaipa hewa uvundo. Akachungulia kwenye kidirisha. Zinawaka, buluu safi. Kila Jumatatu alichungulia hivyo hivyo, akaandika daftarini "zinawaka", akatia sahihi. Sasa ukungu utoke wapi?

Mwingine angefunga mlango akanywe chai. Pua akazima umeme, akafungua mtambo, akapitisha kidole kwenye mabomba. Kikatoka na utando mzito wa kijivu, unateleza. Akaunusa. Soksi!

Akakaa sakafuni na karatasi ya maelezo iliyokuja na taa, ile ambayo hakuna fundi anayeisoma. Akaisoma yote. Looo! Hiyo buluu siyo inayoua. Miale inayoua haionekani kwa macho, nayo hufifia. Baada ya mwaka mmoja hivi taa zibadilishwe, hata kama bado zinawaka. Zake zilikuwa kwenye mwaka wa tatu. Kwanza alifurahi kama mtoto: kumbe nguvu inaweza kuisha na taa ikabaki inang'aa! Kisha akaliona daftari, sahihi zake zimejipanga ukurasa kwa ukurasa, na furaha ikamtoka.

Angeweza kusugua mabomba na kubadilisha taa kimyakimya, harufu ikaisha kabla ya Ijumaa. Nani angejua? Wazo hilo alilikalia kitambo, nisimsingizie utakatifu. Halafu akashuka na daftari lake hadi ofisini kwa meneja, ambako Shangazi alikuwa akifuta meza.

"Kosa ni langu," akasema, akanyoosha kidole chenye utando. "Nilikuwa natazama taa tu, mabomba sikuyagusa. Shangazi hahusiki."

Meneja akanusa, akakunja uso, akasema, "Tutaongea." Pua alijua maana ya mazungumzo hayo.

Shangazi hakusema asante. Aliweka kitambaa chini, akakaa kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Una hakika, baba? Hakuna harufu hata kidogo inayotoka mwilini mwangu?"

"Hakuna, Shangazi. Hakuna kabisa."

"Mwezi mzima sijambeba mjukuu wangu," akasema. "Namwambia mama yake mgongo unaniuma."