Kuku wa Ijumaa wa Mama Sandrine

Bibiche, ambaye wengi tunamwita Mama Sandrine, ni jirani yangu hapa ughaibuni, Haltom City. Mlango wake unatazamana na wangu. Yeye katoka Uvira, mimi Musoma, na kanisani tunakaa benchi moja. Kazi yake ni kufunga maboksi ghalani. Alikuwa mtu wa kucheka, mpaka mwaka 2018 mumewe Gracien alipogongwa na gari akitoka kazini. Alilazwa, na kilichorudi nyumbani ni nguo zake ndani ya mfuko. Mungu amrehemu.

Baada ya msiba, binti yao Sandrine akaacha kula. Si kwamba aligoma, chakula kilimshinda tu. Ugali anaugeuzageuza, sombe, kisamvu cha kwao, anaisogeza pembeni, hadi mabega yakabaki mifupa. Daktari akasema Jumatatu atampima tena, na akipungua uzito, analazwa. Sasa neno hilo kulazwa, kwa Bibiche, lilikuwa na mfuko wa nguo ndani yake.

Jumamosi akanigongea. Huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Pelagia, mutoto amesema kitu. Amesema angekula ile kuku ya baba yake."

Kila Ijumaa Gracien alikuwa akiwaletea kuku wa dukani, wa kupakwa chenga za mkate na kukaangwa mpaka ganda linalia mdomoni.

"Si ukamnunulie?"

"Nilinunua jana. Aliona ile boksi tu, akalia. Nataka ipikwe humu ndani."

Tukaingia jikoni. Tukamwosha kuku kwa limau, tukamchemsha na chumvi na tangawizi mpaka akalainika, maana sote wawili tumelelewa hivyo: kuku asiyechemshwa atakung'oa meno. Kisha yai, kisha chenga, kisha mafuta. Ganda likateleza lote, likabaki linaelea peke yake, na nyama ikachambuka nyuzinyuzi.

"Hajaiva vizuri," nikasema mimi, mjuzi. "Tumchemshe zaidi."

Tukachemsha zaidi. Safari hii mafuta yaliruka mpaka ukutani, chenga zikaungua, king'ora cha moshi kikaanza kulia. Bibiche alikipepea kwa taulo hadi kikanyamaza, halafu akakaa chini sakafuni, miguu kainyoosha.

"Bwana, hata kuku?" akasema taratibu, macho juu. "Hata kuku unaninyima?"

Sandrine akatokea mlangoni, sweta limemzidi. Akachungulia sufuria.

"Mama, mbona kuku anaogelea?"

"Kuku inachemshwaka kwanza. Iko nguvu."

"Ya Uvira, mama. Hii ya hapa ni laini kama sabuni. Papa alikwambia."

"Papa yako alijua kula, hakujua kupika."

Binti akakunja mikono ya sweta. Akachukua mapaja mabichi yaliyobaki, akayapangusa maji kwa karatasi, akayapaka chumvi na pilipili manga. Unga wa ngano, yai, chenga, akizikandamiza kwa kiganja.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Simu. Huwa naangalia watu wakipika."

"Unaangalia chakula, na haukule?" mama yake akasema. Binti akatumbukiza mapaja kwenye mafuta.

Mapaja yakatoka mekundu, makavu. Sandrine akakaa mezani na moja. Mimi na Bibiche tukatazama dirishani, tusimtazame mdomo. Tukasikia ganda likivunjika. Likavunjika tena.

Tulipogeuka, alikuwa amebandua ganda lote la paja lile na kulila. Nyama ilikuwa nyeupe kwenye sahani, haikuguswa.

"Kesho msichemshe," akasema, akarudi chumbani.

Bibiche akaila ile nyama akiwa amesimama, bila kuisikia ladha, nadhani. Akanisindikiza hadi mlangoni.

"Amekula ganda, yaya. Ganda litaonekana kwa mizani?"

Tukashikana mikono pale kwenye korido, tukaiombea mizani.