Presha ya Mama na Kwaya ya Jirani

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Daktari alipomwambia mama yangu aendelee na vidonge vya presha, apunguze chumvi, tena asikilize muziki anaoupenda kwa sababu hutuliza moyo, nilisema kimoyomoyo: huyu bwana kachoka na wagonjwa leo. Moyo wa mama ulikuwa umevimba. Akipanda ngazi tatu tu, anahema. Sasa ngoma itamsaidia nini?

Halafu nyumbani kwetu Masaka, pembeni mwa Kigali, muziki nilikwisha kuupiga marufuku tangu baba afariki. Redio niliigawa. Nilisema nyumba ya Waislamu yenye msiba haitaki makelele. Mama hakubisha. Mama habishi kamwe, na hilo ndilo linalonitia shaka siku zote.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yangu kule mjini, mtaa wa Sonatubes, nilimpima presha mwenyewe. Wiki za kwanza namba zilinitisha. Mara zikaanza kushuka. Nikabadilisha betri za mashine, nikajipima mimi, nikampima tena. Zimeshuka kweli. Hapo machale yakanicheza. Nikavihesabu vidonge: sawasawa, hakuzidisha hata kimoja. Akabaki jirani yetu, mama mmoja mlokole anayetuletea parachichi bila kuombwa. Bila shaka anamnywesha mizizi. Mizizi juu ya vidonge huweza kuua, na mama ninaye mmoja tu.

Jumatano moja nilifunga kazi mchana, nikapanda pikipiki, nikaingia nyumbani kwa kunyata. Mama nilimkuta nyuma ya nyumba, kiti kakisogeza mpaka kwenye uzio wa miti, macho kafumba. Hakuna kikombe, hakuna chupa. Ng'ambo ya uzio, kwa yule jirani, kwaya ya kanisa lao ilikuwa mazoezini. Kidole cha mama kilikuwa kinagonga gotini, polepole, kikiwafuata.

"Mama, tangu lini?"

Hakushtuka. "Kila Jumatano na Ijumaa. Nikichelewa wananisubiri."

"Nyimbo za kanisani, mama?"

"Dini yangu ninayo, mwanangu, hakuna aliyeichukua. Nasikiliza sauti za watu. Baba yako tulimzika siku moja. Wewe unamzika kila siku, na mimi unanifukia pamoja naye."

Iliniuma, wallahi. Nilikuwa nimemshuku daktari, nikaishuku mashine, nikamshuku jirani wa watu. Mimi mwenyewe sikujishuku hata siku moja.

Kwaya ilikuwa imenyamaza, labda walinisikia. Yule jirani akachungulia juu ya uzio, akaniamkia, kisha akamwuliza mama kama waendelee au waache.

Mama aliniangalia mimi kwanza. Mwanamke aliyenizaa, anangoja ruhusa yangu.